Shamba la Porter na Uzao Wake

Karibu mwaka 1892, mdudu wa milimita 6 hivi, mwenye pua ndefu iliyopinda, alivuka mto Rio Grande kutoka Mexico akaingia Texas. Alikuwa fukusi wa vitumba vya pamba. Jike lake hutoboa kitumba kingali kichanga, hutaga yai ndani, huliziba tundu na kuhamia kitumba kingine. Funza akianguliwa hula kwa ndani, na mwenye shamba anachoambulia ni vitumba vilivyopukutika kabla ya kupasuka. Dawa ya maana ya kumpulizia haikuwapo. Mwaka hadi mwaka mdudu alisonga mbele kuelekea kaskazini na mashariki, na kila alikofika wenye maduka waliacha kukopesha, mabenki yakatetereka na familia zikafunga mizigo na kuhama.

Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani hawakulala. Walikwisha kutambua namna ya kuishi na fukusi: panda mapema, tumia mbegu inayokomaa upesi, acha nafasi pana kati ya mistari, palilia mara kwa mara, na ukishavuna ng'oa masalia yote uyachome moto ili mdudu akose pa kujificha wakati wa baridi. (Sharti hilo la mwisho mkulima wa pamba wa Shinyanga au Simiyu analijua vizuri hadi leo, ingawa wadudu anaopambana nao ni wengine.) Maelezo hayo yalichapwa katika vijitabu, vikagawiwa bure, na mashambani hali ikabaki ile ile.

Si kwamba wakulima walikuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wapangaji, waliolima kwa mkopo wa mwenye duka, na dhamana ya mkopo wenyewe ilikuwa pamba ambayo bado haijaota. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ajaribu mbinu mpya, unamwambia acheze kamari na chakula cha watoto wake. Kijitabu kikikosea, mwandishi wake mshahara anapata. Mkulima akikosea, anahama.

Mzee mmoja alilielewa jambo hili kuliko ofisi nzima ya Washington. Seaman Knapp alizaliwa jimbo la New York mwaka 1833, akafundisha kilimo katika chuo cha Iowa na hata kukiongoza kwa muda, kisha mwaka 1885 akahamia Louisiana, kwenye mbuga tambarare ambazo wenyeji waliziona hazifai kwa kilimo chochote. Kampuni ya ardhi aliyoifanyia kazi ilitaka walowezi, na matangazo hayakuwaleta. Knapp akabadili njia. Katika kila kitongoji alitafuta mkulima mmoja hodari kutoka majimbo ya kaskazini, akampa masharti nafuu, akamwacha alime mbele ya macho ya watu. Kilimo cha mpunga kikastawi, walowezi wakaja.

Serikali ilipomtuma Texas, mwanzoni alianzisha mashamba ya maonyesho yaliyogharimiwa na wizara. Wakulima walikuja, wakatazama, wakasifu, wakarudi makwao kulima kama walivyozoea. Shamba lenye hazina ya serikali nyuma yake, lisistawi kwa nini? Hakuna aliyeona kwamba linamhusu.

Basi mwezi Februari 1903, akiwa na miaka 69, Knapp alikutana na wafanyabiashara wa mji wa Terrell, mashariki ya Dallas. Aliwataka waunde kamati, wachague mkulima mmoja wa hapo hapo anayefahamika na kila mtu, na mkulima huyo alime ardhi yake mwenyewe kwa fedha zake mwenyewe, kwa kufuata maelekezo. Serikali isitoe hata senti. Wenye mji walichanga mfuko wa dola 1,000 hivi wa kumfidia mkulima huyo iwapo atapata hasara kwa sababu ya kufuata mbinu mpya. Walter Porter akajitokeza.

Porter alitenga ekari 70 za pamba na mahindi. Msimu ulipokwisha, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa amepata dola 700 zaidi ya ambazo angepata kwa kilimo chake cha zamani. Hakuna aliyelazimika kumfidia kitu. Habari zilienea kwa namna ambayo vijitabu havikuweza, kwa kuwa jirani wa Porter alikuwa akipita kando ya shamba lile kila Jumamosi akienda sokoni, na alimjua Porter tangu utotoni. Kama Porter ameweza, basi si miujiza.

Kisa hiki husimuliwa sana katika historia za ugani, na karibu kila msimulizi hukaza jambo moja: mkulima aliifanya kazi kwa mkono wake. Ni kweli. Knapp mwenyewe alishikilia kwamba masikio hayatoshi, na macho nayo hayatoshi, mpaka mwenye shamba aifanye kazi yeye. Lakini mimi naona wasimulizi wanaupita upesi mno ule mfuko wa dola 1,000. Kabla Porter hajashika plau, swali la nani atabeba hasara lilikuwa limekwisha kujibiwa. Na la pili, ambalo hakuna aliyelitaja kwa kuwa halikuhitaji kutajwa: faida yote ilikuwa ya Porter. Shamba lake, pamba yake, soko lililo wazi. Tuyashike hayo mawili, maana onyesho hili lilisafiri mbali sana, na njiani lilipoteza mojawapo, mara nyingine yote mawili.

Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitoa dola 250,000 za kupambana na fukusi, na Knapp akapata sehemu ya fedha hizo ili Terrell ipatikane kila mahali. Alikusanya mawakala, wengi wao wakulima wazoefu badala ya wasomi wa vyuo. Novemba 12, 1906, W. C. Stallings aliajiriwa kuhudumia wilaya moja tu, Smith, huko huko Texas, na wafanyabiashara wa huko wakachangia mshahara wake. Ndiye babu wa mabwana shamba wote wa wilaya katika nchi ile.

Palipokuwa na baba wabishi, walianzia kwa watoto. Klabu za mahindi za wavulana zilitaka kila mtoto alime ekari moja yake mwenyewe, aandike gharama, apime mavuno. Mwaka 1910 kijana Jerry Moore wa South Carolina, mwenye miaka 15, alivuna bushel 228 na ziada katika ekari moja. Kwa vipimo vyetu hayo ni kama magunia 64 ya kilo 90. Wengi wa baba zao walikuwa hawafikishi hata magunia sita. Mwaka huo huo na katika jimbo hilo hilo, mwalimu wa shule ya kijijini, Marie Cromer, aliwapa wasichana sehemu moja ya kumi ya ekari kila mmoja walime nyanya, kisha akawafundisha kuzihifadhi katika makopo na kuyauza. Pesa zikawa za msichana mwenyewe.

Hadi hapa habari ni ya wakulima weupe, au wengi wao weupe. Watoto na wajukuu wa watumwa walikuwa na historia yao ya kufundishana kwa vitendo, na ilitangulia Terrell kwa miaka zaidi ya 20.

Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856, alifungua shule yake Tuskegee, Alabama, Julai 4, 1881, bila jengo la maana. Akaamua wanafunzi wajenge shule wenyewe, na ili wajenge, wafyatue matofali. Hakuna aliyejua kazi hiyo. Wanafunzi walisimama ndani ya shimo la udongo, matope hadi magotini, wakalalamika kwamba hawakuja shule kwa ajili ya hayo, wengine wakaondoka. Walifyatua matofali 25,000 hivi, wakayapanga kwenye tanuri, wakawasha moto. Hayakuiva. Tanuri la pili nalo likaharibika. La tatu lilikuwa karibu kufika mwisho, baada ya kuwaka kama juma zima, likaporomoka usiku wa manane.

Walimu walimsihi aache. Washington alichukua saa yake ya mfukoni, akaenda nayo Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi kujenga tanuri la nne. Hilo likaiva. Saa haikukombolewa kamwe. Miaka 20 baadaye shule ilikuwa ikifyatua matofali 1,200,000 kwa msimu, na wazungu wa jirani ambao hawakuwa na haja na shule ya weusi walikuja kununua kwa sababu matofali yalikuwa mazuri.

Kisa cha saa ndicho kinachopendwa, lakini tazama jambo jingine: hasara za matanuri matatu zilibebwa na shule. Mwanafunzi alipoteza nguvu zake na uvumilivu wake, hakupoteza shamba.

Mwaka 1896 alifika Tuskegee George Washington Carver, mtaalamu wa mimea kutoka Iowa, naye pia mzaliwa wa utumwani. Alikuta udongo uliochoshwa na pamba, na wakulima wasio na pesa ya mbolea. Akawafundisha kubadilisha mazao: kunde, viazi vitamu, karanga. Kunde zina asili yake huku kwetu Afrika na zilivuka bahari pamoja na watumwa. Sasa Carver alikuwa akiwaonyesha wajukuu wao namna zinavyorudisha rutuba. Kila mwaka wakulima waliitwa shuleni kwa mkutano mkubwa. Lakini waliokuja ni wale wenye nyumbu, nguo safi na siku moja ya ziada. Maskini zaidi hawakuonekana.

Kwa hiyo mwaka 1906 shule ikaamua kuwafuata. Mfadhili wa New York, Morris K. Jesup, alitoa fedha, Carver akachora, wanafunzi wakaunda gari la kukokotwa na nyumbu wawili. Ndani yake mlikuwa na plau, jembe la palizi la kukokotwa, mashine ya kutenganisha maziwa na malai, chombo cha kusukia siagi, mbegu na zana za bustani. Gari la Jesup lilianza safari mwezi Mei. Ule mwezi Novemba, siku ile ile aliyoajiriwa Stallings, Thomas Monroe Campbell wa Tuskegee akawa wakala wa kwanza mweusi wa serikali katika kazi hii, naye ndiye aliyelichukua gari.

Campbell hakuwa akihutubia. Aliitisha majirani kwenye nyumba ya mmoja wao, mara nyingi nyumba iliyochakaa kuliko zote, na kila mtu akapewa kazi. Wanaume wawili wanapiga plau kwa kina kipya huku wengine wakifuata nyuma kukagua udongo. Kundi jingine linachimba choo, linatengeneza ngazi za mlango, linapaka chokaa kuta, linajenga banda la kuku. Kinamama wanasuka siagi na kuhifadhi matunda. Jioni nyumba ile imebadilika, na kila aliyeshika msumeno ana uhakika kwamba anaweza kurudia kazi ile kwake. Mwaka 1918 gari la nyumbu lilipisha lori, na mwaka 1920 muuguzi, Uva Hester, akaongezwa, kwani ilionekana wazi kwamba mama mgonjwa hafundishiki bustani. Lori lililofuata, mwaka 1923, wakulima weusi wa Alabama walilichangia wenyewe, dola kwa dola.

Hata hivyo gari lilikuwa na mpaka ambao halikuvuka. Wengi wa wale wakulima walilima ardhi ya mtu, wakauza pamba kwa bei ya mtu, kwa hesabu zilizoandikwa na mtu huyo huyo. Kupaka chokaa nyumba ya mwenye ardhi ni kazi njema, ila mwenye ardhi anaweza kukutoa humo baada ya mavuno. W. E. B. Du Bois alimshambulia Washington waziwazi kuanzia mwaka 1903: elimu ya mikono bila kura, bila ardhi na bila chuo kikuu itamfanya mtu mweusi kibarua bora, na basi. Washington aliona huo ndio mlango pekee uliokuwa wazi. Mabishano yao yalivuka bahari kabla ya wao wenyewe kujua.

Wa kwanza kuyavusha walikuwa Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka 1900, kwa mwaliko wa chama cha uchumi wa makoloni cha Berlin, James Calloway wa Tuskegee na vijana watatu wa shule ile walisafiri hadi Togo kuonyesha kilimo cha pamba. Farasi na ng'ombe walikufa kwa magonjwa, watu wakafungwa kwenye mikokoteni badala yao. Mmoja wa vijana wale, John Robinson, alifungua shule ya pamba Notsé mwaka 1904, na wanafunzi walipelekwa huko na serikali, wapende wasipende.

Afrika Mashariki ya Kijerumani hawakuanza hata na shule ya pamba. Kuanzia mwaka 1902, kwa amri ya Gavana Götzen, kila jumbe katika maeneo ya kusini na pwani alitakiwa awe na shamba la pamba la kijiji, watu walime humo siku kadhaa kwa zamu, chini ya akida na mjeledi. Kwenye karatasi lilikuwa shamba la mfano: wananchi waone, wajifunze, wapate fedha. Dar es Salaam, malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wapo waliokataa kuzipokea. Mashamba yao ya mtama yalibaki na magugu wakati mzuri wa palizi. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Matumbi, watu wa Nandete wakiongozwa na Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia kwenye shamba la pamba la huko na kung'oa mashina. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyotangazwa. Sijui onyesho jingine lolote la kilimo lililojibiwa kwa ufasaha kiasi kile.

Waingereza walipokuja walitaka kitu cha kistaarabu zaidi, na wakakitafuta Virginia.

Katika wilaya ya Henrico, mwalimu mweusi aitwaye Virginia Randolph alikuwa akifundisha shule ya chumba kimoja tangu mwaka 1892. Pamoja na kusoma na kuandika, alifundisha kushona, kupika, kusuka vikapu na mikeka ya maganda ya mahindi. Baadhi ya wazazi walikasirika, wakataka aondolewe: watoto wameletwa wapate kitabu, mambo ya jikoni wanayajua. Randolph alikwenda nyumba kwa nyumba hadi akawashinda. Mwaka 1907 mama mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna Jeanes, alikuwa ametoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za weusi, na mwaka 1908 Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa mfuko huo, akizungukia shule 23 kuwaonyesha walimu wenzake namna ya kufanya.

Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, shule iliyomlea Washington. Ndani ya tume alikuwemo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast aliyefundisha North Carolina, ambaye Waafrika walimsikiliza kwa shauku popote alipofika. Katibu aliyesafiri nao, James Dougall, alibaki. Mwaka 1925, kwa msaada wa fedha za Carnegie, alifungua Kabete, nje kidogo ya Nairobi, shule iliyopewa jina la yule mama wa Philadelphia: Jeanes School.

Kabete ilikuwa na jambo moja ambalo hata Terrell haikulifikiria. Mwalimu aliyeteuliwa na misheni yake alikuja na mkewe na watoto. Familia ilipewa nyumba katika kijiji cha shule na kipande cha ardhi, na kwa miaka miwili iliishi somo lenyewe. Mume alijifunza kusimamia shule ndogo za vijijini, kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vya karibu, kulima mboga na kufuga kuku. Mke alijifunza malezi, usafi na ushonaji. Kisha wakarudi kwao, na nyumba yao, yenye madirisha na choo na bustani, ikawa ndiyo darasa la wanakijiji, huku mume akizunguka kwa baiskeli au kwa miguu kutoka shule hadi shule. Kumfundisha mwanamume peke yake mambo ya nyumba ni kupoteza wakati, na Kabete ililijua hilo miaka mingi kabla ya wapangaji wa miradi ya leo.

Kilichokosekana kilikuwa nje ya uzio. Kuzunguka Kabete, walowezi walikuwa wakipanda kahawa na kutajirika. Mwafrika wa Kiambu au Nyeri hakuruhusiwa kuipanda. Walowezi walidai ataleta magonjwa ya mimea na wizi. Miaka ya 1930 ruhusa ndogo ilitolewa Kisii, Embu na Meru, na Wakikuyu walingoja hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo mwalimu wa Jeanes angeweza kumwonyesha jirani yake kabichi iliyonona kadiri apendavyo. Jirani alikuwa akitazama ng'ambo ya ua, kwenye zao lenye pesa, alilokatazwa.

Wazazi waliusoma mchezo. Shule huru za Wakikuyu zilizoenea miaka ya 1930, na chuo cha ualimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939, zilitaka Kiingereza na vitabu, maana waliokuwa na Kiingereza na vitabu ndio waliokuwa na mishahara. Maofisa wa elimu walilalamika kwamba Mwafrika anadharau kazi za mikono. Mwafrika aliyekuwa akilimia walowezi kwa kipande shingoni hakuwa na haja ya kufundishwa heshima ya jembe.

Kilimanjaro ilikuwa ng'ambo ya mpaka tu, na mambo yalikwenda vingine. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema walikuwa wamepanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga waliofanya kazi kwenye mashamba yale waliona, wakachukua miche, wakaipanda chini ya migomba yao. Walowezi wa huko nao walipiga kelele, lakini hawakushinda. Mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kikaanzishwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Mchaga anadharau kahawa.

Baada ya vita kuu ya pili, serikali za Kenya na Tanganyika zote mbili zilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo, na onyesho likarudi kuwa amri. Murang'a, wanawake ndio waliochimba matuta, asubuhi mbili kwa juma, na mwaka 1947 na 1948 waligoma. Uluguru kisa kilikuwa cha kuumiza zaidi, kwa kuwa kule hata elimu yenyewe ilikuwa na kasoro. Udongo mzuri wa milima ile ni tabaka jembamba la juu. Matuta ya ngazi yalipochimbwa, tabaka hilo lilifukiwa, na udongo mwekundu usio na rutuba ukaja juu. Mahindi yakadumaa mbele ya macho ya watu wote. Onyesho lilikuwa limefanikiwa kabisa: liliwaonyesha Waluguru kwamba bwana shamba hajui milima yao. Faini ziliendelea. Mwaka 1955 huko Matombo watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukazikwa muda mfupi baadaye.

Uhuru haukulitatua jambo hili mara moja. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule ya Tanzania iwe na shamba, wanafunzi wapange, walime na waamue matumizi ya mavuno. Wazo lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyataja. Penye mwalimu mkuu aliyelielewa, watoto walijifunza hesabu kwa magunia yao wenyewe. Kwingineko wanafunzi walilima, hawakuambiwa mavuno yamekwenda wapi, na aliyechelewa namba alipewa tuta la ziada kama adhabu.

Jeanes School yenyewe iligeuka kuwa kituo cha maendeleo ya jamii. Humo ndimo viongozi wa vikundi vya Maendeleo ya Wanawake walimofundishwa baada ya chama hicho kuanzishwa mwaka 1952. Mwaka 1961 majengo yakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, na tangu mwaka 2012 ni Kenya School of Government. Maofisa wanaohudhuria kozi hapo wanaketi mahali zilipokuwa bustani za mboga.

Mabadiliko ya kweli ya onyesho la kilimo yalitoka Indonesia. Mpunga wa kule ulishambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia ambaye aliongezeka kadiri alivyopuliziwa dawa, kwani dawa iliua buibui waliomla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na kuanzia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima 25 hivi walikusanywa kila juma shambani, msimu mzima, kuhesabu wadudu, kuwafungia kwenye vizimba vya chandarua na kuona nani anamla nani. Mwalimu hakuwa na jibu la kuonyesha. Kipande kimoja kililimwa kwa desturi, cha pili kwa majaribio, na kikundi kikaamua chenyewe.

Huku kwetu tunaita shamba darasa. Magharibi mwa Kenya lilianza katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1999 mradi wa FAO na mfuko wa IFAD ukalieneza Kenya, Uganda na Tanzania. Katika vikundi vya Busia, Bungoma na Kakamega fedha za mafunzo zilitolewa kwa sehemu kama mkopo. Pembeni ya kipande cha majaribio kikundi kililima shamba la biashara, mavuno yakauzwa, deni likalipwa, na kilichobaki kikawekwa benki kwa jina la kikundi. Jaribio likishindikana, hasara inagawanywa kwa watu 25 badala ya kumwangukia mmoja. Wanachama wengi ni wanawake, na mweka hazina huchaguliwa kwa kura kabla mbegu haijanunuliwa.